Seva Ikizimika, Huduma Isizimike: Somo la Upatikanaji wa Kanzidata na Matumizi ya Mashine Pepe

Maneno "mfumo hauko hewani" ni mafupi, lakini uzito wake hutegemea mahali yanapotamkwa. Katika dirisha la malipo humaanisha foleni kurefuka na mapato kuchelewa. Katika chumba cha dawa humaanisha kwamba mfamasia hawezi kuona mgonjwa aliandikiwa nini jana, wala kama kuna dawa inayomdhuru. Katika wodi ya wazazi, saa nane usiku, hakuna anayeweza kusubiri hadi fundi afike asubuhi.

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya wanachama wa vikundi vya watumiaji wa mifumo: wahasibu, watunza kumbukumbu za afya, wafamasia, watendaji wa kata, wakusanya mapato na maofisa TEHAMA. Halimtaki msomaji awe mtaalamu wa kompyuta. Linamtaka ajue maswali ya kuuliza kabla seva haijazimika, kwa kuwa maswali yanayoulizwa baada ya seva kuzimika huwa yamechelewa.

Kanzidata hufanyaje kazi

Kanzidata ni daftari la pamoja linalotunzwa na programu maalumu ndani ya seva. Watumishi mia moja wanaweza kuliandikia kwa wakati mmoja, na programu hiyo ndiyo inayohakikisha kwamba mmoja hafuti kazi ya mwenzake.

Njia inayotumika ni ya kihasibu. Kabla ya badiliko lolote kuingia katika majedwali, huandikwa kwanza katika kumbukumbu ya mabadiliko iliyo kwenye diski, kama vile karani anavyoandika muamala kwenye jarida kabla ya kuuhamishia leja. Umeme ukikatika katikati ya kazi, seva inapowaka tena husoma kumbukumbu hiyo, hukamilisha miamala iliyokuwa imethibitishwa na huiondoa ile iliyoishia njiani. Kwa sababu hiyo kanzidata iliyoundwa vizuri inaweza kuanguka na kuinuka bila kupoteza stakabadhi hata moja iliyokwisha kuthibitishwa.

Hata hivyo, kumbukumbu hiyo hailindi diski iliyokufa, jengo lililoungua wala amri ya kufuta iliyotolewa kimakosa. Kila mojawapo ya hatari hizo ina kinga yake, na kinga ya hatari moja haitoshi kwa nyingine.

Hesabu ya asilimia

Wataalamu hupima upatikanaji wa huduma kwa asilimia ya muda katika mwaka. Asilimia 99 husikika kuwa kiwango kizuri, lakini asilimia 1 inayobaki ni sawa na siku 3.65, yaani saa 87.6 bila huduma. Asilimia 99.9 huruhusu saa 8.76 kwa mwaka. Asilimia 99.99 huruhusu dakika 52.6, na asilimia 99.999 huruhusu dakika 5 na sekunde chache.

Huduma haitegemei kifaa kimoja. Inahitaji umeme, mtandao, seva na kanzidata, na vyote lazima viwepo kwa pamoja. Endapo kila kimoja kati ya hivyo vinne kinapatikana kwa asilimia 99, huduma yenyewe haipatikani kwa asilimia 99. Asilimia hizo huzidishwa, na jibu ni takribani 96.06. Mwananchi atakosa huduma kwa siku 14 hivi kwa mwaka, ingawa kila idara itaripoti kwamba kifaa chake kilifanya kazi kwa asilimia 99.

Viungo vikiwekwa sambamba, hesabu hugeuka. Seva mbili zenye asilimia 99 kila moja, ambazo moja hushika kazi nyingine inapoanguka, zina nafasi ya kuanguka kwa pamoja ya 0.01 mara 0.01, yaani 0.0001. Upatikanaji wake ni asilimia 99.99. Hesabu hii ina sharti moja: seva hizo zisiwe na sababu moja ya kufa. Zikishiriki waya mmoja wa umeme, swichi moja au chumba kimoja chenye kiyoyozi kimoja, ni mbili kwenye orodha ya mali tu. Hatari ikija zitaanguka pamoja.

Mashine pepe: msaada wake na mipaka yake

Zamani kila mfumo ulipewa seva yake. Chumba kilijaa mashine, na nyingi zilikaa bila kazi kwa sehemu kubwa ya siku. Teknolojia ya mashine pepe huiwezesha seva moja halisi kubeba seva kadhaa za kiprogramu, kila moja ikiwa na mfumo wake wa uendeshaji, sehemu yake ya kumbukumbu na diski yake. Programu inayogawa rasilimali hizo huitwa hipavaiza.

Wazo hili si geni. Kampuni ya IBM ilitangaza mfumo wake wa VM/370 mwaka 1972 kwa ajili ya kompyuta kubwa. Kampuni ya VMware ilianzishwa mwaka 1998 na kulisambaza wazo hilo katika kompyuta za kawaida. Mwaka 2007 hipavaiza ya KVM iliingizwa ndani ya Linux, na tangu hapo hata ofisi yenye bajeti ndogo iliweza kuitumia bila kununua leseni.

Kwa upande wa upatikanaji, mashine pepe ina faida mbili kubwa. Ya kwanza ni kuhamishika. Seva halisi inapohitaji kufanyiwa matengenezo, mashine pepe inaweza kuhamishiwa seva nyingine huku ikiendelea kufanya kazi, na mtumiaji asitambue. Ya pili ni kuwashwa upya. Seva halisi ikifa ghafla, seva jirani katika klasta huiwasha mashine pepe ile ile kutoka kwenye hifadhi ya pamoja. Kanzidata husoma kumbukumbu yake ya mabadiliko, hujisahihisha na kurejea kazini, kwa kawaida baada ya dakika chache.

Lakini mipaka yake ijulikane. Kwanza, iwapo mashine pepe zote husoma hifadhi moja ya pamoja, hifadhi hiyo ndiyo nguzo moja inayobeba nyumba nzima. Pili, hipavaiza huona kama mashine inawaka au imezimika, lakini haioni kama kanzidata iliyomo ndani imekwama au majedwali yake yameharibika. Tatu, mashine pepe mbili za kanzidata zilizowekwa juu ya seva moja halisi hufa kwa pamoja seva hiyo ikifa. Ofisa TEHAMA anapaswa kuweka kanuni katika klasta inayozuia mbili hizo kukaa juu ya seva moja. Kanuni hiyo ni ya kuwekwa kwa makusudi, na ni rahisi kusahaulika.

Urudufishaji: kuwa na daftari la pili

Kinga inayokwenda ndani zaidi ni kanzidata yenyewe kuwa na pacha. Seva kuu hupokea maandishi, na kila badiliko linaloingia katika kumbukumbu yake hutumwa kwa seva ya akiba, ambayo huliandika katika nakala yake. Kanzidata ya PostgreSQL, ambayo hutolewa bure, imekuwa na urudufishaji wa aina hiyo ya moja kwa moja tangu toleo la 9.0 la mwaka 2010. MySQL, Oracle na SQL Server nazo zina njia zake.

Ziko namna mbili za kurudufisha. Katika namna ya kusubiriana, seva kuu haimwambii mtumiaji kwamba muamala umekamilika mpaka seva ya akiba ithibitishe kuupokea. Seva kuu ikifa, hakuna muamala uliothibitishwa unaopotea. Katika namna isiyo ya kusubiriana, seva kuu huthibitisha mara moja na kutuma baadaye. Namna hii ni ya haraka zaidi, lakini miamala ya sekunde za mwisho inaweza kupotea.

Umbali una gharama yake. Ndani ya mkongo wa mawasiliano mwanga husafiri takribani kilomita 200 kwa milisekunde moja. Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam kwa njia ya barabara ni takribani kilomita 450. Mkongo unaofuata umbali huo huuchelewesha kila muamala unaosubiriwa kwa angalau milisekunde 4.5 za kwenda na kurudi, mbali na ucheleweshaji wa vifaa vya njiani. Kwa stakabadhi moja hilo halihisiki. Kwa ripoti inayoandika mistari laki moja, mmoja baada ya mwingine, ni zaidi ya dakika 7. Kwa sababu hiyo taasisi nyingi huweka pacha wa kusubiriana karibu, na pacha wa tatu, asiyesubiriwa, mbali.

Akidi: nani ana haki ya kuwa seva kuu

Baraza la Madiwani haliamui jambo bila akidi. Klasta ya seva nayo inahitaji akidi, na kwa sababu inayofanana.

Seva mbili zinapokuwa hai lakini waya kati yake umekatika, kila moja huiona nyingine kuwa imekufa. Seva ya akiba ikijitawaza kuwa kuu, huku seva kuu ya awali ikiendelea kupokea maandishi, kunakuwa na madaftari mawili yanayodai kuwa la kweli. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Katika kanzidata wakikaa, stakabadhi ya saa nne itakuwa katika daftari moja na malipo ya saa nne na dakika moja katika jingine, na hakuna programu itakayoweza kuyaunganisha kwa haki.

Dawa yake ni kura ya wengi. Klasta huwa na wapigakura watatu au watano, na seva hairuhusiwi kuwa kuu bila kuungwa mkono na zaidi ya nusu, yaani wawili kati ya watatu au watatu kati ya watano. Mpigakura wa tatu si lazima awe seva kubwa. Shahidi mdogo asiyehifadhi data anatosha, mradi akae mahali pengine. Aidha, kabla ya seva mpya kushika kazi, ile ya zamani huzimwa kwa nguvu au hukatiwa njia ya hifadhi, ili isiamke na kuendelea kuandika.

Hata akidi haitoshi bila busara. Tarehe 21 Oktoba 2018, katika kampuni ya GitHub ya Marekani, mafundi walikuwa wakibadilisha kifaa cha mtandao kilichokuwa kikiharibika. Mawasiliano kati ya kitovu cha mtandao na kituo kikuu cha data cha pwani ya mashariki yalikatika kwa sekunde 43 tu. Katika muda huo mfumo wa kuchagua seva kuu ulipata akidi na kuhamishia uongozi wa kanzidata za MySQL pwani ya magharibi. Mawasiliano yaliporejea, kila upande ulikuwa na maandishi ambayo mwenzake hakuwa nayo. Kampuni ilichagua kulinda usahihi wa data kuliko haraka ya kurejesha huduma, na ilichukua saa 24 na dakika 11 mpaka hali irudi kuwa ya kawaida. Mashine zilifuata kanuni zilizopewa. Waliopanga kanuni hizo hawakuwa wameuliza ni nini kitakachotokea uongozi ukihamia upande wa pili wa bara.

Urudufishaji si nakala rudufu

Hapa ndipo wengi hupotoka. Seva ya akiba huiga kila kinachofanyika kwenye seva kuu, mema na mabaya. Mtu akifuta jedwali la wagonjwa saa tano kamili, pacha naye hulifuta sekunde hiyo hiyo. Picha ya papo hapo ya mashine pepe iliyohifadhiwa kwenye diski ile ile hupotea diski hiyo ikipotea. Nakala rudufu ni ile iliyo mahali pengine, ya wakati uliopita, na isiyoweza kufutwa na yule anayeweza kufuta ya kwanza.

Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab ilikuwa ikishughulikia tatizo la urudufishaji. Mhandisi mmoja alikusudia kufuta data za seva ya akiba ili aianze upya, lakini amri aliitoa kwenye seva kuu. Alipoisimamisha baada ya sekunde chache, takribani gigabaiti 300 zilikuwa zimebaki 4.5. Nakala za kila siku zilipotafutwa hazikuwepo. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilolingana na kanzidata, hivyo ilikuwa ikishindwa, na barua pepe za kutahadharisha zilikuwa zikikataliwa bila mtu kujua. Kilichookoa ni picha ambayo mhandisi aliichukua kwa mkono saa 6 hivi kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Kazi ya saa 6 za watumiaji haikurudi.

Funzo lake ni kwamba nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni matumaini tu. Kipimo cha nakala ni kuirejesha kwenye mashine nyingine, kuiwasha, kuhesabu mistari na kumwita mtumiaji ahakiki. Mashine pepe hurahisisha jambo hili, kwa kuwa seva ya majaribio inaweza kuundwa asubuhi na kufutwa jioni bila kununua kifaa kipya.

Jengo nalo ni kiungo

Usiku wa tarehe 26 Septemba 2025 moto ulizuka katika kituo cha data cha Serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon, ukianzia kwenye betri za lithiamu zilizokuwa zikihamishwa. Mifumo zaidi ya 600 ya Serikali ilizimwa, ikiwemo ya posta na ya utambulisho. Hifadhi ya mtandaoni ya watumishi wa umma, yenye terabaiti 858, iliteketea, na haikuwa na nakala nje ya jengo hilo. Korea Kusini ni miongoni mwa nchi zilizopiga hatua kubwa duniani katika serikali mtandao, lakini utajiri wa vifaa haukuziba pengo la nakala iliyokosekana.

Hapa nchini, Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 zinaziwekea taasisi za umma wajibu juu ya mifumo na taarifa za wananchi. Diski ya nakala inayotolewa nje ya jengo hubeba taarifa hizo hizo. Kwa hiyo lazima isimbwe, ifungiwe, na jina la aliyekabidhiwa liandikwe.

Wajibu wa kikundi cha watumiaji

Ofisa TEHAMA anaweza kujenga klasta, lakini hawezi peke yake kuamua ni hasara gani inavumilika. Uamuzi huo ni wa wanaoitumia huduma, na huanza kwa maswali mawili kwa kila mfumo. La kwanza: huduma inaweza kukosekana kwa muda gani kabla ya mtu kuumia au fedha kupotea? La pili: ni kazi ya muda gani inaweza kuandikwa upya kutoka kwenye karatasi?

Majibu hayatafanana. Mfumo wa dawa na wa wagonjwa waliolazwa unaweza kustahimili dakika chache tu, na hauruhusu kupoteza maandishi. Huo unahitaji pacha wa kusubiriana, akidi ya watatu na nakala ya nje. Mfumo wa mapato unaweza kuvumilia saa moja, endapo mashine za kukusanyia ushuru huhifadhi miamala na kuituma baadaye. Kwake, mashine pepe inayowashwa upya pamoja na nakala za mara kwa mara huenda zikatosha. Kumbukumbu za vikao zinaweza kusubiri hadi kesho, na nakala ya kila usiku inazitosha. Kudai asilimia 99.99 kwa kila kitu ni kumaliza bajeti kwenye visivyo vya lazima na kubakiza vya lazima bila kinga.

Kikundi kina kazi nyingine ambayo hakuna seva inayoweza kuifanya: utaratibu wa karatasi. Fomu ziwepo, zihesabiwe, na kila zamu ijue zilipo. Huduma inaporejea, ijulikane nani ataingiza kilichoandikwa kwa mkono na nani atahakiki. Angalau mara moja kwa mwaka seva kuu izimwe kwa makusudi, kwa siku na saa iliyotangazwa, ili ionekane kama ya akiba inashika kazi na kama watumishi wanajua wafanye nini. Zoezi likishindwa, kasoro imepatikana mchana, mbele ya mafundi. Bila zoezi, kasoro hiyo hiyo itamkuta muuguzi akiwa peke yake usiku.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Orodhesheni kila kitu ambacho mfumo wenu mkuu unakitegemea, kuanzia umeme hadi nywila ya msimamizi. Ni kipi kilicho kimoja tu?

2. Kama kuna seva mbili, je, zina chanzo kimoja cha umeme, swichi moja au chumba kimoja? Kama ni mashine pepe, ziko juu ya seva halisi ngapi?

3. Mawasiliano kati ya seva hizo yakikatika, nani ataamua ipi ni kuu, na ile nyingine itazuiwaje kuandika?

4. Nakala rudufu ilirejeshwa lini mara ya mwisho kwa majaribio? Nani alihakiki, na matokeo yameandikwa wapi?

5. Kazi ya kunakili ikishindwa usiku wa leo, ni nani atakayejua kesho asubuhi, na kwa njia gani?

6. Mfumo ukizimika sasa hivi, fomu za karatasi ziko kabati gani, na ufunguo anao nani?

Majibu ya maswali haya yaandikwe katika ukurasa mmoja, yatiwe tarehe, na yabandikwe katika chumba cha seva na katika ofisi ya zamu. Pale ambapo jibu halikupatikana, iandikwe kazi ya kufanyika, jina la mtekelezaji na siku ya kukamilisha.